Matandiko ya farasi yamejaa chumbani, mke wangu amehamia kwa mamake

BARUA

Mzee wangu, shikamoo.

Nina miaka 31, naishi Kisauni, Mombasa, na mke na watoto wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo minne. Riziki yangu ni farasi. Nina farasi jike mmoja, mpole sana, na kila jioni na wikendi naenda naye ufuo wa umma kule Bamburi kupandisha watoto. Kazi hii nimeachiwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Ndiye aliyenishika mkono nikiwa na miaka kumi na tano, akanionyesha kukaza mkanda wa tumbo, akanionyesha kumjua mnyama kwa masikio yake.

Farasi halali kwetu. Tuko watu wanne tunaokodi kiwanja kimoja Shanzu, kila mtu na farasi wake, na kuna mlinzi wa usiku. Mwaka juzi mlinzi alipitiwa na usingizi, mwenzangu mmoja akaibiwa tandiko na mimi nikaibiwa hatamu na lijamu lake, kile chuma cha mdomoni. Tangu siku hiyo siachi kitu kule. Kila jioni nafunga vyote kwenye bodaboda nakuja navyo nyumbani.

Nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Maji tunanunua ya mtungi. Chumba chetu ni futi 10 kwa 11. Mna kitanda, kabati, meza ya televisheni, jiko la gesi kwenye kona, na godoro la watoto ambalo mchana tunalisimamisha ukutani. Humo humo nimeweka tandiko la kazi, nyuma ya kabati. Tandiko la pili, lile la mjomba, liko mvunguni. Limekatika kwa ndani na nimekuwa nikingoja nipate pesa za kulitengeneza. Hatamu naitundika kwenye msumari. Brashi, chuma cha kusafishia kwato, kamba na kofia tatu za watoto ziko ndani ya ndoo. Gunia la pumba nalo liko pembeni. Mablanketi mawili ya mgongoni nayafua baharini kabla sijatoka ufuoni, maana maji ya mtungi ni pesa, kisha nayaanika kwenye kamba niliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye kabati. Kwetu ukisema "matandiko" lazima uulizwe ya kitanda au ya farasi.

Mwezi wa tano mvua ilipokolea, nilivuta tandiko nikakuta ubavu mzima umefanya ukungu, kijani na mweupe, kama mkate uliosahaulika. Nikapangusa. Baada ya siku nne ukarudi. Nikaona nilifunike, nikachukua leso katika sanduku la mke wangu. Wallahi sikujua kuwa ni zile alizotunzwa siku ya arusi. Zimeshika madoa na harufu haitoki.

Mtoto mdogo naye ana kikohozi cha usiku, tangu mvua zile. Jumapili iliyopita mke wangu alifunga nguo zake na za watoto akaenda kwa mamake, Likoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nitarudi siku utakaponionyesha mahali pa kuwalaza hawa watoto."

Chumba kikubwa siwezi kukilipa. Wenzangu wananishauri kila mtu lake. Mmoja anasema nifunge tandiko kwenye karatasi ya nailoni lisiingie unyevu. Wa pili anasema nilitundike juu kabisa, darini. Wa tatu anasema niuze farasi niendeshe tuktuk. Nimechoka, mzee. Niviweke wapi vitu hivi?

Wa Farasi Mmoja, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako nampa pole ya kaburini na wewe nakupa pole ya chumbani.

Nianze na mtoto, kwa sababu umemtaja mwishoni na kwangu yeye ni wa kwanza. Mpeleke kliniki wiki hii, na umweleze daktari mambo matatu bila kuficha: kwamba analala chumba kimoja na vyombo vya farasi, kwamba vilifanya ukungu, na kwamba kikohozi kilianza wakati wa mvua. Wako watu ambao vifua vyao havipatani na nywele na mba za farasi, na wako wasiopatana na ukungu. Mimi si daktari, siwezi kujua mwanao ni yupi kati ya hao, au kama ni jambo jingine kabisa. Lakini asipoambiwa habari za farasi, daktari naye atapapasa gizani. Na hata kikohozi kikipona kesho, vyombo vyenye jasho la mnyama havilali tena katika chumba anacholala mtoto huyo. Hilo silijadili.

Sasa tuje kwenye vyombo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limekwama kwenye mstari mmoja ulioupitia mbio: mablanketi unayafua baharini.

Ugonjwa wa chumba chako uko pale. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Wewe mwenyewe umeona kikopo cha chumvi jikoni kinavyolowa msimu wa mvua bila mtu kukimwagia maji. Blanketi uliloliosha baharini linakauka jua kali likilipiga, ukaligusa ukasema limekauka, lakini chumvi imebaki katika nyuzi. Usiku hewa ya Mombasa inapopoa na kuwa nzito, lile blanketi linaanza kunywa. Asubuhi limelowa. Unalianika tena. Jasho la farasi nalo lina chumvi nyingi, kwa hiyo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Na kamba yako umeifunga kutoka dirishani hadi kwenye kabati, maana yake kila upepo unaoingia unapita kwanza kwenye nguo mbichi, ndipo uwafikie ninyi na tandiko. Umejenga kisima cha unyevu ndani ya futi 10 kwa 11, kisha umelisukuma tandiko nyuma ya kabati, mahali pasipopita hewa hata kidogo. Ukungu usipoota hapo utaota wapi?

Nimefanya kazi ya usaisi, yaani ya kutunza farasi, miaka mingi, sehemu kubwa kule Limuru, ambako ukungu wa mawinguni unaingia hadi ndani ya mabanda. Chumba chetu cha vyombo hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na matandiko kumi na mbili kwenye chumba ambacho wewe ungekiona kidogo, na sikumbuki ngozi kuota kuvu. Madirisha mawili yalitazamana, vyombo havikugusa ukuta, na hakuna blanketi lililovuka mlango likiwa bichi. Bwana saisi wetu mkuu alikuwa akilishika blanketi na kuliweka shavuni kabla hajakuruhusu kuingia nalo. Mkono hudanganyika, shavu husikia unyevu. Nawe fanya hivyo.

Kwa hiyo kuanzia leo maji ya chumvi yaache baharini. Najua maji ya mtungi ni pesa. Kila blanketi litumie zamu, leo moja, kesho la pili, na kila moja lioshwe kwa maji baridi ya kawaida mara moja kwa wiki, mtungi mmoja utatosha ukiumimina kidogo kidogo na kukamua mara tatu. Siku nyingine lianike tu, upande wa jasho ukitazama juu, likikauka ulikung'ute na kulipiga brashi. Sabuni ya unga itumie kwa uchache mno, na isuuzike yote, maana ikibaki inamwasha farasi mgongoni. Uoshaji na uanikaji wote ufanyike Shanzu. Ile kamba ya dirishani ifungue leo.

Si kwa ajili ya chumba tu. Blanketi lenye chumvi na mchanga ni msasa. Mtoto wa kilo thelathini anakaa juu yake, farasi anatembea, na kinundu cha mabega kinasuguliwa jioni nzima. Mpitishe mkono mgongoni farasi wako kesho kabla hujamtandika, polepole, dhidi ya nywele, ukitafuta mahali pa moto, pa uvimbe, au pale anapokunja mgongo ukimgusa. Ukipata, asitandikwe hadi apone. Kumfanyisha kazi mnyama mwenye kidonda ni kosa pia mbele ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya Kenya, Sura ya 360, lakini nina hakika wewe hutahitaji sheria ikukumbushe.

Kuhusu mahali pa kuweka. Wewe umeuliza uviweke wapi vyote, na hapo ndipo umejifunga, kwa kuwa si vyote vinavyostahili kuja nyumbani. Mwizi anajua bei. Anataka tandiko, hatamu na lijamu. Brashi iliyojaa nywele, kamba kuukuu na blanketi la jasho, hivyo mwizi haviangalii, na siku akiviangalia, utavinunua tena bila kukopa. Tafuta sanduku la bati, lile wanafunzi wanalopeleka bweni. Litoboe matundu kwa msumari pande mbili zinazotazamana, karibu na juu, ili hewa ipite. Liinue kwenye matofali, liwe kivulini, maana bati juani ni tanuri. Lifunge kwa mnyororo kwenye nguzo ya zizi na utie kufuli. Brashi, kamba, chuma cha kwato na mablanketi makavu vilale humo. Brashi za farasi wako zisigusane na za wenzako: choa hupita kutoka farasi kwa farasi kwa brashi na blanketi, na hupita pia kwa watu, hasa watoto. Huenda hata hilo hukulijua ulipokuwa ukiweka ndoo ya brashi kando ya godoro.

Pumba pia zirudi Shanzu, ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana. Gunia la pumba chumbani ni mwaliko kwa panya, na panya wakishaingia kwa ajili ya pumba watabaki kwa ajili ya ngozi. Tena pumba hizo zikipata unyevu zikavunda, farasi akizila atapata msokoto wa tumbo, na msokoto unaua.

Kofia za watoto zinaweza kulala nyumbani, hazina unyevu mwingi ukizipangusa. Zitundike kwa mikanda yake juu ya mlango. Ila kofia iliyowahi kuanguka na kichwa ndani, au kugonga kitu kwa nguvu, hiyo itupe hata kama haionyeshi ufa. Nyama yake ya ndani imeshatumika.

Umebaki na tandiko moja na hatamu. Hivyo ndivyo vya kutafutiwa nafasi, na nafasi ipo.

Tazama godoro la watoto. Mchana limesimama ukutani, limekula ukuta mzima. Kitanda chenu kiinue kwa tofali moja kila mguu, godoro liingie mvunguni mchana na litoke usiku. Mara moja kwa wiki lisimamishe juani lipate hewa. Ukuta ule umekuwa wako. Kama ni ule wenye bafu nyuma yake, usiutumie, badilisha na meza ya televisheni. Ukuta wa bafu hutoka jasho.

Hapo ukutani usipigilie kitu kizito. Nyumba nyingi za Kiswahili kuta zake hazishiki msumari wa kubeba kilo nane au kumi, na mwenye nyumba atakudai. Mwone fundi seremala akutengenezee sanduku la kusimama, urefu futi 2, upana futi moja na nusu, kimo kiasi cha kiuno chako. Mbao za mwembe zinatosha. Juu lisiwe bapa. Liwe na mbao mbili za inchi 6 zilizoegemeana kama paa la nyumba, lakini zisikutane kabisa. Aache mwanya wa vidole vitatu juu kwenye kilele, kwa sababu tandiko lina mfereji katikati unaopita juu ya uti wa mgongo wa farasi, na mfereji huo haufai kubonyezwa. Kingo zake azivishe kipande cha zulia kuukuu. Tandiko litakaa hapo kama lilivyokaa mgongoni, vikuku vya kukanyagia vimepandishwa juu, mkanda wa tumbo umefunguliwa. Sanduku liwe na miguu ya inchi 6, mbele na nyuma liwe na madirisha madogo yenye wavu wa chuma wa matundu madogo, na mlango wa kufuli. Ndani utaweka sabuni, mafuta, vitambaa, na hata nguo zenu za kazi. Kati ya sanduku na ukuta upitishe ngumi. Nguo ya pamba nyepesi, kipande cha shuka tu, inatosha kulifunika na vumbi.

Hatamu iondoe msumarini. Msumari unaukunja ukanda wa kichwani mahali pamoja kila siku, na hapo ndipo utakapokatika. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, lipigilie kwa ubavu karibu na mlango, kitako kikigusa ukuta, mahali ambapo watoto hawafiki. Hatamu ikae juu ya kopo, ipate mviringo kama wa utosi wa farasi. Hatamu ni nyepesi, ukuta utaibeba.

Mwenzako wa nailoni msamehe, anataka kukusaidia, lakini ushauri wake ungeua tandiko ndani ya wiki mbili. Nailoni inafungia unyevu ndani pamoja na ngozi. Huyo wa darini naye angekuwa na haki kama mngekuwa na dari. Chini ya mabati mchana joto linakausha ngozi hadi inapasuka, na sitaki kufikiria kilo kumi zikining'inia juu ya watoto waliolala.

Ukungu ulioko sasa uutoe Shanzu, siku kavu, nje, ukiwa umefunga kitambaa puani. Usiupigie brashi chumbani, utautawanya tu. Siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kikamuliwe vizuri, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Pangusa kila kona, chini ya mbawa za ngozi za pembeni, ndani ya mikunjo, chini kwenye mito inayogusa mgongo. Vitambaa hivyo uvitupe. Liache kivulini kwenye upepo, mbali na jua na moto, hadi likauke. Kisha sabuni ya glisarini kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, bila povu. Likikauka tena, mafuta ya ngozi, tone kwa tone. Watu wa pwani tunapenda kupaka mafuta mengi, na mafuta mengi katika hewa yetu ni chakula cha ukungu. Mafuta ya kupikia usiyapake kabisa, yanachacha na kuita mende na panya.

Baada ya hapo, kila jioni kabla hujapanda bodaboda, chukua kopo moja la maji baridi. Osha lijamu, pangusa jasho na chumvi kwenye ngozi zote, pangusa na bizimu. Ni dakika tano. Kila wiki paka bizimu mafuta ya mgando kidogo zisishike kutu. Na ukiwa unapangusa, vuta mshono wa zile kanda zinazoshika mkanda wa tumbo, mmoja mmoja, kwa nguvu. Chumvi hula uzi kabla ya kula ngozi, na uzi ukiachia, mtoto wa mtu yuko juu.

Kwa wizi, geuza ubavu wa tandiko utafute namba iliyogongwa, mara nyingi iko chini ya ubawa au karibu na kile chuma cha vikuku. Ipige picha, pamoja na tandiko zima na kila kovu lake. Na ninyi wanne mnaokodi kiwanja mnaweza kujenga kibanda kidogo cha matofali, mlango wa chuma, tundu la hewa lenye nondo huku na huku, kila mtu na mahali pake. Gharama ikigawanywa kwa wanne si ya kutisha, na hapo hata hili tandiko moja litaacha kupanda bodaboda. Zungumza nao. Huyo aliyeibiwa tandiko atakusikiliza kwanza.

Nimeliacha la mjomba makusudi.

Litoe mvunguni. Likalishe pajani, sehemu ya mbele ikielekea tumboni kwako, kisha uvute sehemu ya nyuma kuelekea kwako kwa nguvu. Lililo zima litapinga. Likijikunja katikati kama mtu anayekohoa, au ukasikia mlio, kiunzi, yaani mifupa ya ndani ya tandiko, kimevunjika. Wewe unasema limekatika kwa ndani, nami naamini. Tandiko la kiunzi kilichovunjika halirudi mgongoni mwa farasi. Kiunzi ndicho kinachogawa uzito pande mbili za uti wa mgongo. Kikivunjika uzito wote unadondokea sehemu moja, na anayelipa ni mnyama. Kulijenga upya ni kazi ya fundi wa matandiko hasa, na kwa kawaida gharama yake inakimbilia bei ya kununua jingine lililotumika.

Najua si ngozi unayoihifadhi pale mvunguni. Mimi pia nina kitu cha mtu aliyenifundisha kazi, sitakwambia ukitupe kitu chako. Ila mjomba wako alikuachia jicho na mkono, na hivyo unaenda navyo ufuoni kila jioni. Vua vikuku vyake, vua bizimu, vua kanda zilizo nzima uzitumie. Ngozi iliyobaki mpelekee fundi wa viatu, ataifurahia. Kikuku kimoja kisugue king'ae ukitundike ukutani, wanao wakuulize ni cha nani, uwasimulie. Hakitachukua hata shubiri ya chumba.

Na kuuza farasi uendeshe tuktuk, sioni sababu. Mke wako hakusema uuze. Isome tena kauli yake uliyoniandikia mwenyewe: anataka mahali pa kuwalaza watoto. Mwanamke aliyekaa miaka yote hiyo na hatamu ukutani kwake na pumba kando ya jiko lake, akaondoka bila kelele, amekupa nafasi kubwa kuliko uliyomwachia wewe chumbani. Usiende Likoni na maneno. Fanya kwanza: mvungu uwe mtupu, kamba imefunguliwa, ndoo na gunia vimeondoka, sakafu imepigwa deki, madirisha yamelala wazi siku mbili. Kisha vuka feri ukamwombe yeye radhi mbele ya mamake, kwa sababu ya leso. Leso za kutunzwa si nguo za kufunika, ni mikono ya mashangazi na mama waliosimama naye siku ile, na wewe umezilaza juu ya ukungu. Mwambie hivyo hivyo kwamba umeelewa.

Zile zenye madoa ziloweke maji baridi na siki kidogo usiku mmoja, ufue mwenyewe kwa mkono, uanike kivulini. Harufu nyingi itatoka, madoa mengine hayatatoka. Mrudishie hata hivyo, ni zake. Halafu mpeleke Biashara Street ukamnunulie doti mpya, na usimchagulie jina. Mwache asome mwenyewe, leso kwa leso, hata ikichukua asubuhi nzima.